Mashine ya Marehemu: Ifufuliwe au Iuzwe kwa Kilo?

MAMA MWENYE MASHINE (Kibondo): Mashine ni Johnson ya farasi 25, ya miaka ya 1970. Marehemu mume wangu aliinunua mkononi mwa mtu pale Ujiji, akavulia dagaa nayo Ziwa Tanganyika miaka mingi. Alipoacha ziwa alipanda nayo huku nyumbani, akaifunga turubai, akaiegesha stoo nyuma ya magunia ya maharage. Tangu hapo haijafanya kazi. Sasa mtoto wa dada yangu ana boti Kibirizi, mashine hana. Anakodi, na kila giza la kuvulia likiisha mwenye mashine ndiye wa kwanza kuhesabiwa. Mimi nasema mashine tunayo, fundi yupo Kasulu, barabara siku hizi ni lami. Kwa nini isifufuliwe? Watu wananiambia niiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nataka mtu anipe sababu, na sababu yenyewe isiwe kwamba imezeeka.

FUNDI (Kasulu): Sababu hiyo hata mimi siikubali, mama. Injini ya kupachika ya wakati ule haifichi kitu. Ina silinda mbili, kabureta moja, pampu ya petroli, pampu ya maji, na chini ya flaiwili kuna platini, koili na kondensa. Basi. Ukiwa na spana zake, bisibisi na subira, unaimaliza yote mezani. Hizi mpya za mapigo manne, zenye sindano za mafuta zinazoongozwa kwa umeme, zikigoma zinataka kuunganishwa na kompyuta ndipo ziseme zinaumwa wapi. Kompyuta hiyo Kasulu anayo nani? Itabidi mashine iende Kigoma, na Kigoma wakishindwa iende Mwanza au Dar es Salaam. Ya marehemu naitengeneza chini ya mwembe.

NAHODHA (Kibirizi): Shikamoo mama. Naomba nisieleweke vibaya. Marehemu namheshimu, wazee wa mwaloni bado wanamtaja. Lakini fundi anaongea kama mtu anayetengeneza mashine ya kusaga. Ile ikizima, mwenye mahindi anajitwika debe lake, anarudi kesho. Ya kwangu inazima saa nane usiku. Chini yangu kuna kina ambacho kamba ya nanga haifiki. Ikiwa ni kati ya Mei na Septemba, kusi inavuma, na kusi ikinishika sina injini inanipeleka kaskazini magharibi, upande wa Kongo au Burundi, mimi na vijana wangu, bila karatasi yoyote mfukoni. Fundi wakati huo amelala Kasulu.

MAMA MWENYE MASHINE: Marahaba mwanangu. Na mashine mpya, ambayo naona ndiyo unayoitaka wewe, haizimi?

NAHODHA: Inazima, mama. Ila Yamaha ikinizimia leo, kesho asubuhi napata plagi, impela, ringi, chochote, dukani Kigoma. Kila fundi wa mwaloni ameshaifungua. Hata jirani yangu wa boti anaweza kuniazima kifaa kutoka kwenye yake. Johnson ya 1970 na kitu nitamwazima nani?

MAMA MWENYE MASHINE: Sawa. Lakini tuseme na lile jingine. Mara ngapi tumesikia watu wamevamiwa usiku ziwani, wakaachwa kwenye boti tupu? Majambazi hawahangaiki na dagaa. Wanataka mashine na nyavu. Hiyo mpya unayoisifu ndiyo wanayoiwinda, na mkopo wake unabaki na wewe.

NAHODHA: Hawakuulizi mwaka wa kutengenezwa, mama. Wanasikia mlio gizani, wanakuja. Na mashine inayohitaji kuvutwa kamba mara sita ndipo iwake, ndiyo itakayonifanya nisiwakimbie.

FUNDI: Ikihitaji mara sita, fundi wake hakuimaliza. Platini zikiwa safi na nafasi yake ni sahihi, nusu milimita hivi, inawaka mara ya pili.

MWALIMU WA UFUNDI: Niruhusuni niingie. Naona mnabishana juu ya umri, na umri peke yake haumwambii fundi lolote. Pale Kigoma tuna meli ya Liemba. Ilijengwa na Meyer, Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Julai 26, 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Kabla ya kuizamisha, mafundi wao walizipaka injini grisi nene kila mahali. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta injini na maboila bado vinafaa, na Mei 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kilichoziokoa zile injini ni kazi iliyofanywa siku ile zilipoachwa. Kwa hiyo swali langu kwa mama si mashine ina miaka mingapi. Nauliza: siku marehemu alipoifunga turubai, alikuwa ameiwekaje?

MAMA MWENYE MASHINE: Kwa undani sijui. Nakumbuka alitoa zile plagi mbili, akamimina oili kwenye matundu yake, halafu akawa anavuta kamba polepole, anasimama, anavuta tena. Nakumbuka kwa sababu oili nyingine ilimwagikia kanga yangu.

FUNDI: Hapo umenipa moyo mama. Mzee alijua kazi. Oili ile ndiyo iliyokaa kati ya ringi na ukuta wa silinda miaka yote hii. Bila hiyo, ringi zinashikana na kutu na pistoni haitoki bila nyundo.

NAHODHA: Liemba hiyohiyo, mwalimu, injini zake za mvuke ziko wapi? Miaka ya 1970 zilitolewa, zikawekwa za dizeli. Walibakiza bodi. Waliokuwa na akili ya kuitunza meli ndio hao hao waliosema injini imetosha.

MWALIMU WA UFUNDI: Ni kweli, na baada ya kutumika karibu miaka 50. Siyapingi maneno yako. Nasema tu uamuzi ule ulitoka kwenye vipimo na hesabu ya gharama.

FUNDI: Basi niwaambie nilichokikuta, kwa sababu mimi nimeshaifungua, mama aliileta. Kabureta kwanza. Marehemu hakumwaga petroli iliyobaki kwenye bakuli lake. Imekauka, imeacha utando wa rangi ya asali iliyoungua, na jeti kubwa imeziba kabisa, huoni mwanga ukiinua juani. Boya lake limetengenezwa kwa koki, limeanza kumomonyoka. Hiyo ni kazi ya kusafisha, na boya nitafute jipya. Nikashuka kwenye mguu, nikafungua pampu ya maji. Impela ni ya mpira, ina mabawa. Yale yaliyokuwa upande mwembamba wa nyumba yake yamelala yakagandia hapo, nikiitoa hayanyooki. Hiyo ni ya kutupa. Nikarudi juu, nikatoa flaiwili kwa puli, si kwa nyundo. Niseme hapa kwamba anayepiga nyundo ncha ya kranki ili flaiwili iruke anaharibu beringi na kranki yenyewe, na wengi wanafanya hivyo. Koili zote mbili zimepasuka ngozi. Cheche inapatikana ikiwa baridi, ikipata moto inapotea. Pistoni nzima. Silinda ina mikwaruzo midogo upande wa tundu la moshi, ukipitisha ukucha hausimami. Kranki inazunguka bila kelele. Oili ya gia ilikuwa nyeusi lakini haikuwa na weupe wa maziwa, maana yake maji hayakuingia.

NAHODHA: Na nati zake? Zile ni za inchi.

FUNDI: Ni za inchi, ndiyo. Nati ya nusu inchi inakubali spana ya 13. Ya saba ya kumi na sita inataka 11 kwa kubana. Anayeleta 12 anaipiga mviringo. Nimekuta mbili zimeshapigwa mviringo na mtu kabla yangu. Nina seti ya spana za inchi. Niliinunua kwa mzee mmoja kutoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa kambini Nyarugusu. Alikuwa fundi wa mashine za boti kwao tangu ujana, na mengi ninayoyajua kuhusu mguu wa mashine nimeyapata kwake.

MWANDISHI: Nakatiza kidogo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na wengi wao walitoka Fizi na Uvira, nchi za ziwani. Tunapozungumza habari ya wilaya ya Kasulu tunahesabu mizigo iliyokuja na wakimbizi: kuni, maji, ardhi. Ujuzi uliokuja nao hatuuandiki popote. Mtu wa milimani anayejua kufungua mguu wa mashine ya boti hakuupata mlimani, na mimi naona ni haki hilo lisemwe. Endeleeni.

NAHODHA: Naheshimu ujuzi wa mzee huyo. Lakini fundi, umetaja impela ya kutupa, koili mbili za kutupa, boya la kutupa. Utavitoa wapi? Mimi nimeshaona impela iliyokatwa kwenye mpira wa tairi. Ilifanya kazi usiku mmoja. Usiku wa pili maji ya kupoza yakakata, na kabla mtu hajanusa harufu ya rangi kuungua, pistoni imeshashika.

FUNDI: Sijawahi kukata impela kwenye tairi, na anayefanya hivyo asiitwe fundi.

NAHODHA: Sikusema wewe. Nasema mahali ambapo spea hakuna, mtu atafanya hivyo tu siku moja, hata akiwa mwema. Njaa itamfanya. Kampuni iliyotengeneza Johnson na Evinrude, Outboard Marine Corporation ya Marekani, ilifilisika Desemba 2000. Bombardier ya Kanada wakayachukua majina hayo, na mwaka 2020 utengenezaji wa Evinrude nao ukafungwa. Mwenye kitu hicho hayupo tena, fundi.

FUNDI: Hayupo, lakini zilitengenezwa nyingi mno duniani hata viwanda vingine bado vinatoa impela, koili, platini na gasketi zake. Naagiza. Zinakuja.

NAHODHA: Zinakuja lini? Sisi tunavua giza, mbalamwezi ikitoka tunapumzika. Spea ikichelewa majuma matatu, nimepoteza giza zima, na vijana wangu wameshahamia boti nyingine.

MAMA MWENYE MASHINE: Hapo ndipo mimi nilipokuwa na hesabu yangu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu boti zimepandishwa mchangani. Kama kuna kufungwa kwa namna ile, kuna wakati gani mzuri zaidi wa kuagiza spea na kutengeneza bila haraka?

NAHODHA: Mama, kwa miezi ile mitatu watu wa mwaloni walikuwa wanauza viti vya ndani wapate unga. Wakati wa kutengeneza ulikuwepo, fedha ya kutengenezea haikuwepo. Ziwa lilipofunguliwa kila mtu alikimbilia majini na mashine kama ilivyokuwa. Kufunga ziwa nakuunga mkono, dagaa walikuwa wamepungua kweli. Lakini usihesabu muda wa njaa kuwa muda wa karakana.

MAMA MWENYE MASHINE: Fedha ya kutengeneza ni yangu, siyo yao. Nina maharage yangu na nina duka. Ndiyo maana naweza kungoja spea na wao hawawezi.

NAHODHA: Hilo nimelikubali.

MWALIMU WA UFUNDI: Mimi bado. Fundi, ukimaliza, mashine utaijaribu wapi?

FUNDI: Kwenye pipa la maji, hapa hapa karakana. Kila mtu anafanya hivyo.

MWALIMU WA UFUNDI: Hapo ndipo ninapoogopa. Kasulu tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Uso wa ziwa uko kama mita 773. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Kibirizi. Mashine iliyopangwa kiwandani kwa hewa ya chini, huku inapata petroli nyingi kuliko hewa. Inatoa moshi, plagi zinakuwa nyeusi, inakohoa. Fundi wa milimani anaona hivyo, anabana skrubu ya kabureta au anaweka jeti ndogo, mpaka ilie vizuri kwenye pipa. Mteja anafurahi. Halafu mashine inashuka ziwani, inakutana na hewa nzito, na petroli imeshapunguzwa. Na kwenye injini hii oili haina njia yake yenyewe, inakuja ndani ya petroli. Ukipunguza petroli umepunguza na oili. Pistoni inapata moto zaidi na ulainishaji kidogo zaidi kwa wakati mmoja. Mtu atasema mashine ya zamani imekufa kwa uzee. Aliyeiua ni yule aliyeipendezesha mlimani.

FUNDI: ...Jeti kubwa mimi siigusi. Naisafisha, narudisha ileile. Skrubu ya mwendo mdogo ndiyo ninayoigusa.

MWALIMU WA UFUNDI: Na ukiigusa, unaigusa kwa kusikiliza mlio wa Kasulu.

FUNDI: Nimekuelewa. Basi naiacha na moshi wake, iwe nzito huku, nikamalizie ziwani. Lakini wateja wengine hawakubali kuchukua mashine inayokohoa. Wanaona hujatengeneza kitu.

MWALIMU WA UFUNDI: Hiyo ndiyo kazi ya fundi, kumwambia mteja asichopenda kusikia. Na pipa lina kasoro nyingine. Mashine kwenye pipa haisukumi kitu. Haina boti, haina nyavu, haina watu. Injini inaweza kuwa tamu pipani na ikashindwa ndani ya nusu saa ikibeba mzigo. Koili kama zile alizozitaja zinaonyesha ugonjwa zikiwa na moto tu.

NAHODHA: Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni, sikuwa na elimu ya kuyapanga.

MWALIMU WA UFUNDI: Sijamaliza, na ninalolisema sasa halitampendeza hata nahodha. Injini hizi za mapigo mawili zenye kabureta zina dhambi moja ambayo fundi hawezi kuitengeneza. Tundu la kuingiza mchanganyiko na tundu la kutoa moshi huwa wazi kwa pamoja kwa muda mfupi, na sehemu ya petroli na oili inatoka nje bila kuungua. Inaweza kufika robo ya mafuta yote na kuzidi. Inatokea wapi? Ndani ya maji. Kule Marekani, Ziwa Tahoe walizipiga marufuku injini za namna hii mwaka 1999. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na maji mengi huondoka kwa kukauka juani. Kinachoingia kinakaa. Mto Malagarasi unaopita hapa kati yetu, Kasulu na Kibondo, unaishia humo humo, na ardhi oevu yake ya Malagarasi-Muyovozi ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar, mwaka 2000. Watu wanakunywa ziwa lile. Mimi sioni fahari ya kufufua mashine inayomwaga oili humo.

NAHODHA: Hapo mwalimu umetupiga sote. Yamaha ninazozitaja, hizo za Enduro zinazouzwa mpya dukani, nazo ni za kuchanganya oili. Boti nyingi ninazozijua mwaloni zinatembea hivyo.

FUNDI: Ndiyo maana hoja hiyo haimhusu mama peke yake. Ukisema mashine za mapigo mawili zitoke ziwani, sema zitoke zote, na useme mvuvi wa dagaa atapata wapi ya mapigo manne. Usianzie kwa mjane wa Kibondo.

MWALIMU WA UFUNDI: Ninaanzia hapa kwa sababu hapa ndipo ninapoulizwa. Ya dukani imeshakuja, siwezi kuizuia. Hii ya stoo bado haijaingia majini.

MAMA MWENYE MASHINE: Mwalimu, nakuheshimu, lakini hiyo si haki. Yule anayenikodishia mtoto mashine, ya kwake inamwaga oili ileile usiku uleule. Nikiirudisha yangu stoo, maji hayapati nafuu hata tone. Nafuu anapata mwenye kukodisha.

MWALIMU WA UFUNDI: Hilo sina jibu lake, mama. Ninachoweza kusema ni kwamba oili inayomwagika inaongezeka mtu akichanganya kwa macho.

FUNDI: Na wanachanganya kwa macho! Hapa sasa nahodha nawe ujibu. Mashine hii inataka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili. Lita 25 za petroli, nusu lita ya oili, tena oili yake yenyewe ya mapigo mawili. Mnakwenda ziwani mmemimina oili ya bodaboda, ambayo haikutengenezwa kuungua, mnajaza masizi kwenye tundu la moshi. Wengine wanaongeza mafuta ya taa ili petroli ifike mbali. EWURA, wadhibiti wa mafuta, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji wa wauzaji, na ninyi mnajichakachulia wenyewe ndani ya dumu. Mashine ikifa, inaitwa ya zamani, na fundi anaitwa mwizi.

NAHODHA: Wapo wanaofanya hivyo. Petroli ya mwaloni inakula nusu ya kilichopatikana, usiwalaumu bila kujua bei. Mimi sichanganyi na mafuta ya taa.

FUNDI: Na oili unaipima kwa nini?

NAHODHA: Kwa chupa ya maji ya kunywa, ya nusu lita.

FUNDI: Basi nakubali kufanya kazi na wewe.

MWANDISHI: Niulize linalonikera tangu mwanzo. Kila mtu hapa amesema lake kwa uhakika, lakini hakuna aliyetaja kipimo kitakachotufanya tuseme sasa basi, mashine hii isiendelee. Kama hakuna kipimo hicho, mama atatumia fedha ya maharage mwaka hadi mwaka kwa sababu ya mapenzi, na mapenzi kwa marehemu hayana mwisho.

MWALIMU WA UFUNDI: Kipo. Kabla hajaagiza hata gasketi moja, ipimwe mgandamizo wa silinda zote mbili kwa geji. Ikifika psi 100 na kitu kila moja, na zisipishane zaidi ya asilimia 10, moyo wa injini upo, kinachobaki ni viungo. Ikiwa moja iko chini sana, maana yake silinda ichongwe na zitafutwe pistoni za saizi kubwa. Kwa mashine ambayo mwenye kiwanda hayupo, mimi nasema hapo mama aache.

FUNDI: Kuchonga silinda kunawezekana.

MWALIMU WA UFUNDI: Kunawezekana. Nauliza kama kunamfaa mama.

FUNDI: ...Ikifika huko, nitamwambia auze. Lakini haitafika. Nimeziona silinda kwa macho yangu.

NAHODHA: Macho yako umetuambia ni mazuri. Leteni geji. Na mimi nina langu. Geji ikisema ndiyo, mashine ikashuka ziwani, haitaenda kuvua usiku wa kwanza. Itafanya kazi mchana, karibu na ufuo, ikiwa na mzigo wa mchanga, saa tatu bila kuzimwa, na Yamaha ya jirani ikiwa pembeni. Makasia yawemo. Baada ya hapo, mbalamwezi ya kila mwezi, wakati boti zote zimepumzika, mashine ifunguliwe: plagi, platini, oili ya gia, na impela ikaguliwe. Marehemu aliijali si siku ya kuifunga turubai tu. Wazee wanasema alikuwa anakaa chini ya boti na mashine yake kila mbalamwezi, wenzake wakiwa kwenye pombe.

MAMA MWENYE MASHINE: Hilo ni kweli. Tuligombana sana kwa ajili ya hilo.

NAHODHA: Na fundi aandike karatasi kwamba ameitengeneza yeye.

FUNDI: Karatasi naandika, lakini iandikwe na oili gani, kwa kipimo gani, na nani anachanganya. Nikikuta harufu ya mafuta ya taa kwenye tangi, karatasi imekufa.

NAHODHA: Mafuta nitachanganya mimi, si kijana. Na iandikwe kwamba siku ya majaribio fundi yumo botini, na skrubu yake anaimalizia huko huko, siyo kwa simu.

FUNDI: Mimi ni mtu wa milimani. Sijui kuogelea.

NAHODHA: Wengi tulio ziwani hatujui pia. Ndiyo maana nimekuuliza maswali yote haya.

MWALIMU WA UFUNDI: Mimi bado nasema, fedha ya koili, impela, boya na safari zote hizo, mama angeiweka akaongeza, akanunua Yamaha iliyotumika.

MAMA MWENYE MASHINE: Iliyotumika na nani, mwalimu? Iliyochanganyiwa nini? Hii ninajua ilipolala miaka yote na ninajua nani alimimina oili kwenye matundu yake. Jaketi la fundi la kujiokolea nitanunua mimi. Hiyo geji unayo, au niiagize?